Neno la Mushegh Mezani

KNARIK: Haloo? Nani mwenzangu?

HAYKANUSH: Mimi hapa, mkwe. Haykanush.

KNARIK: Nani? Sikusikii, kuna makelele—

HAYKANUSH: Haykanush! Mama yake Areg!

KNARIK: Ahaa.

HAYKANUSH: Mmeamkaje huko Masis?

KNARIK: Tumeamka.

HAYKANUSH: Na Yura mumeo? Na bibi harusi wetu Tatev?

KNARIK: Wote wapo. Hizo honi ni za nini? Uko barabarani?

HAYKANUSH: Barabarani wapi, niko roshani kwangu, ghorofa ya nne. Waandamanaji wamefunga njia tena hapa chini. Magari yamepangwa mpaka darajani, vijana wamelala katikati ya lami. Yerevan nzima imesimama. Ngoja niingie ndani... [mlango unabamizwa] Haya. Sasa je?

KNARIK: Sasa nakusikia.

HAYKANUSH: Mbona sauti yako kavu hivyo, Knarik jan, mpenzi wangu?

KNARIK: Zamani ilikuwaje?

HAYKANUSH: Ilikuwa na sukari.

KNARIK: Sukari tulikaa bila kuiona miezi tisa, njia ya kwetu Artsakh ilipofungwa na adui. Mtu huzoea.

HAYKANUSH: Mkwe, nisikilize. Nimekupigia mara sita tangu Jumapili—

KNARIK: Saba.

HAYKANUSH: Kumbe uliziona.

KNARIK: Simu inaandika jina.

HAYKANUSH: [anavuta pumzi] Leo Jumatano. Harusi Jumamosi. Nina watu mia na kumi walioalikwa, nina kondoo wanne wamefungwa uani kwa kaka yangu wanalia usiku na mchana, majirani wameanza kununa. Niambie neno moja tu. Ipo, au haipo?

KNARIK: Muulize mumeo.

HAYKANUSH: Kwenye karamu ya Jumapili Mushegh alikuwa amekunywa.

KNARIK: Glasi tatu. Yura alikunywa tano na hakumtukana mtu.

HAYKANUSH: Si Yura ndiye aliyeanza? Alisema serikali imeuza nchi, mbele ya wazee wote—

KNARIK: Aliisema serikali. Hakumsema Mushegh.

HAYKANUSH: Mushegh ana miaka ishirini na mbili ofisi ya mtaa! Ukiitukana serikali mezani kwake ni sawa na kumtemea sahanini!

KNARIK: Basi angeitetea hiyo serikali yake. Angesema nchi yetu ni ndogo, tumechoka kuzika, acha watoto wakue. Ningemwelewa. Mimi mwenyewe nimechoka kuzika. Lakini yeye alisema nini? Hebu rudia, Haykanush.

HAYKANUSH: Sirudii.

KNARIK: Rudia, maana tangu siku ile Tatev ananiuliza, mama, labda tulisikia vibaya.

HAYKANUSH: Mkwe, nakuomba—

KNARIK: "Nyinyi watu wa Artsakh mtatufundisha uzalendo? Nyinyi mliopanda magari mkaacha hata makaburi yenu?" Ndivyo? Nimekosea neno?

HAYKANUSH: Hujakosea.

KNARIK: Makaburi. Kwa wingi. Mimi ninalo moja.

HAYKANUSH: Najua, dada.

KNARIK: Hujui. Siku tunaondoka, Yura alikuwa na petroli dumu moja. Ya kupanda kilimani Martuni kumuaga mwanangu Sasun kaburini, au ya kutufikisha mpakani. Yote mawili hayawezekani. Alisimama uani na lile dumu mkononi, jua likamkuta pale, likampita. Tatev ndiye aliyemnyang'anya akamimina kwenye tangi. Njiani tulikaa siku mbili, gari nyuma ya gari. Yura hakugeuza shingo hata mara moja. Mpaka leo hageuzi shingo akiwa garini. Umewahi kuliona hilo?

HAYKANUSH: Hukuwahi kunisimulia.

KNARIK: Hamkuwahi kuuliza. Mlituuliza kama nyumba tuliyopanga ina maji ya moto.

HAYKANUSH: [kwa sauti ya chini] Haki yako.

KNARIK: Na Jumapili, baada ya neno lile, alifanya nini? Alifuta mdomo. Akachukua kofia. Akasema asante kwa chakula. Asante kwa chakula, Haykanush! Tangu hapo hajatamka maneno kumi. Yuko nje sasa hivi anapalilia nyanya za mwenye nyumba. Hakuna aliyemwomba.

HAYKANUSH: Afadhali angemzaba Mushegh kofi.

KNARIK: Afadhali.

HAYKANUSH: Ningemshikia koti mimi mwenyewe. [anacheka, kisha anaacha] Lakini na nyinyi msijifanye malaika. Shemeji yako, yule mwenye masharubu, alisemaje kabla hata supu haijaletwa? Eti sisi wa Yerevan tulikuwa tunakunywa kahawa nyinyi mkiungua.

KNARIK: Alisema kweli.

HAYKANUSH: Kahawa tulikunywa, ndiyo. Hata kwenye msiba watu hunywa kahawa. Na damu tulitoa, na blanketi tulipeleka, na mtaa wangu huu una vijana wanne chini ya udongo. Au hao hawahesabiki kwa kuwa walizaliwa huku?

KNARIK: Wanahesabika.

HAYKANUSH: Haya basi.

KNARIK: Haya.

HAYKANUSH: Unajua nyumba yangu imekuwaje? Kaka zake Mushegh wamesema hawakai meza moja na watu wa maandamano. Watu wa kwetu wamesema hawainui glasi na vibaraka wa serikali. Dada yangu amechora ramani ya ukumbi kama jenerali: hawa kushoto, hawa kulia, na katikati wanakaa watu wa Gyumri, maana wao humcheka kila mtu.

KNARIK: [sauti kama ya kukohoa]

HAYKANUSH: Umecheka!

KNARIK: Mtandao huo.

HAYKANUSH: Na padri je? Mushegh hamtaki, kamwona kwenye televisheni akiandamana. Nikamwambia, sawa, utawafungisha ndoa wewe na muhuri wa ofisini. Alikasirika mpaka akala amesimama.

KNARIK: Ndiyo sisi. Nchi yenyewe ukipiga chafya huku unasikika mpaka wa pili, na bado meza moja haitutoshi.

HAYKANUSH: Kwa hiyo nikwambie ukweli, nikisikia honi zile chini, siwazi serikali wala upinzani. Nawaza, jamani, tumebaki wangapi wa kugombana?

KNARIK: Nikuulize kitu, mkwe.

HAYKANUSH: Uliza.

KNARIK: Moyo wa Areg haujambo?

HAYKANUSH: Moyo? Wa bwana harusi huyo, unadunda kama ngoma—

KNARIK: Nauliza ule wa kwenye karatasi.

[Honi kwa mbali.]

HAYKANUSH: Karatasi gani?

KNARIK: Jumapili alicheza nusu saa nzima bila kukaa. Alimbeba Tatev begani akamzungusha ukumbi mzima. Nikasema, Mungu ni mkubwa, mtoto amepona.

HAYKANUSH: Knarik—

KNARIK: Vuli ile ya vita. Zile siku arobaini na nne. Areg alikuwa wapi?

HAYKANUSH: Gyumri. Kwa dada yangu.

KNARIK: Anaumwa.

HAYKANUSH: Alikuwa na... kulikuwa na cheti cha daktari.

KNARIK: Sikuulizi cheti.

[Mtandao unakwaruza.]

KNARIK: Haloo? Bado upo?

HAYKANUSH: Nipo. Sitakudanganya. Siku ya tatu ya vita Mushegh alivaa suti akatoka. Alirudi jioni na bahasha, ndani cheti kwamba moyo wa Areg ni mgonjwa, hafai kwa jeshi. Hakusema ametoka wapi, nami sikumuuliza. Mimi ndiye niliyemfungia mtoto begi. Na nikwambie la kunitia aibu mpaka kaburini? Nilifurahi. Watu walikuwa wanalia ngazi nzima, mlango kwa mlango, na mimi nimejifungia bafuni, nimeziba mdomo kwa taulo, nafurahi. Sema kitu. Nitukane.

KNARIK: Siku hiyo ya tatu mimi nilikuwa namtumia Sasun soksi. Za sufu. Sijui kama zilifika.

HAYKANUSH: Ee Mungu wangu.

KNARIK: Sijui tu. Hakuna aliyerudi wa kumuuliza.

HAYKANUSH: [analia] Tangu lini unajua?

KNARIK: Tangu Pasaka. Areg alimwambia Tatev kabla hajamvisha pete. Alimwambia, ujue unaolewa na mtu gani. Usiku ule binti mzima na akili zake alikuja kulala kitandani kwangu kama wa miaka mitano.

HAYKANUSH: Na bado ulikubali?

KNARIK: Wiki mbili sikukubali. Nilikuwa nikimwona mwanao namtazama mikono, miguu, shingo, nasema, kila kitu kizima. Kila kitu kipo. Nilimchukia, Haykanush, usifikiri mimi ni mtakatifu. Halafu nikajiuliza, huyu angenyamaza nani angejua? Hakuna. Alisema mwenyewe. Nikakubali.

HAYKANUSH: Na Yura?

KNARIK: Yura hajui.

HAYKANUSH: Asijue! Nakuomba kwa—

KNARIK: Ndivyo nilivyopanga. Nife nalo. Mpaka Jumapili, mumeo, yeye mwenye bahasha, anamnyooshea kidole mume wangu habari za makaburi!

HAYKANUSH: Ndiyo sababu yenyewe! Huoni? Tangu aonane na Yura, Mushegh hana usingizi. Akirudi kutoka kwenu anazunguka sebuleni, anaanza siasa na televisheni, anabishana na mtangazaji. Mwenye kidonda ndiye anayeogopa inzi, mkwe. Alimpiga Yura kwa neno lile kabla Yura hajamuuliza—

KNARIK: Ngoja. Mbwa anabweka.

HAYKANUSH: Kabla hajamuuliza swali ambalo—

KNARIK: Ngoja, nimesema. Kuna mtu getini. Mkwe. Areg yuko wapi?

HAYKANUSH: Chumbani, amelala. Kazini haendi leo, njia zimefungwa.

KNARIK: Nenda kamtazame.

HAYKANUSH: Kwa nini? [hatua, mlango] Areg? Areg jan? ...Kitanda kimetandikwa. Knarik, hayupo!

KNARIK: Yuko hapa kwangu.

HAYKANUSH: Haiwezekani, magari hayapiti!

KNARIK: Amekuja kwa miguu. Ana vumbi mpaka magotini.

HAYKANUSH: Kilomita zote hizo! Mwite ndani. Mwite haraka, asifike kwa Yura! Jana alibishana na baba yake, akasema kama hamtasema nyinyi nitasema mimi. Nilidhani ni hasira tu. Knarik, mzuie!

KNARIK: Amempita mbwa. Anaelekea kwenye nyanya.

HAYKANUSH: Toka nje!

KNARIK: Tatev amesimama mlangoni, amenizibia. Anasema, mama, mwache.

HAYKANUSH: Msukume!

KNARIK: Simsukumi binti yangu.

HAYKANUSH: Yura ana nini mkononi?

KNARIK: Jembe.

HAYKANUSH: Yesu Kristo. Yura atamuua.

KNARIK: Nyamaza nione. Niko dirishani... Areg amesimama hatua tatu mbele yake. Amevua kofia. Yura hajainua kichwa, bado analima.

HAYKANUSH: Anasema nini?

KNARIK: Sisikii, kioo kimefungwa. Midomo inatembea. Anasema.

HAYKANUSH: Fungua dirisha!

KNARIK: Navuta komeo, subiri... Yura ameacha kulima.

HAYKANUSH: Ameacha?

KNARIK: Amesimama wima. Anamtazama. Areg bado anasema, anasema kama anayemaliza hesabu, hakuna kituo. Haykanush, amekuwa mweupe kama jibini mwanao.

HAYKANUSH: Na Yura? Uso wake?

KNARIK: Simwoni uso. Namwona mgongo. Areg amemaliza. Amenyamaza.

HAYKANUSH: Halafu?

KNARIK: Hakuna. Wamesimama.

HAYKANUSH: Halafu, Knarik?

KNARIK: Wamesimama, nimekwambia! Hakuna anayesogea. Hata mbwa amekaa.

[Mtandao unakwaruza, unarudi.]

HAYKANUSH: Umekatika? Haloo?

KNARIK: Nipo. Yura amenyanyua jembe—

HAYKANUSH: La!

KNARIK: Amelichomeka ardhini. Amelichomeka, tulia. Anaegemea mpini. Ngoja, nimefungua dirisha. Usiseme kitu, nisikie... Anamuuliza, umezaliwa mwaka gani.

HAYKANUSH: Elfu mbili. Mwezi wa nne.

KNARIK: Ndivyo anavyomjibu. Yura anasema, wangu elfu mbili na moja.

HAYKANUSH: [analia kimyakimya]

KNARIK: Anamuuliza, ulikuwa na mtandao huko Gyumri, ulikuwa unaona? Areg anasema niliona kila siku, nilikuwa nasoma majina ya waliouawa... Yura anamuuliza, siku gani uliona jina la mtu wa Martuni? Areg anajibu, kila siku. Anasema aliposoma majina alikuwa analisoma lake pale ambapo halikuwepo.

HAYKANUSH: Hakuwahi kuniambia hivyo.

KNARIK: Shh. Yura anasema... [sauti inakatika]

HAYKANUSH: Anasema nini? Knarik? Amesema nini?

KNARIK: Ngoja nikuambie.

HAYKANUSH: Amemfukuza?

KNARIK: Amesema, "Mimi ningejua mlango wa kubisha, ningebisha. Ningemficha wangu." Ndivyo alivyosema. Haykanush. Miaka minne watu wanamshika mkono, baba wa shujaa, baba wa shujaa, wanampa kiti cha mbele, wanamwekea maua mikononi. Naye anasimama, anashukuru. Sijapata kumsikia akisema neno hili. Hata kitandani, taa imezimwa. Hata kwangu.

HAYKANUSH: Na wewe? Wewe ungeficha?

KNARIK: Chini ya sketi yangu ningemficha. Ndani ya tumbo ningemrudisha. Unaniuliza nini?

HAYKANUSH: Knarik. Mushegh yuko hapa.

KNARIK: Wapi hapo?

HAYKANUSH: Nyuma yangu. Njia zimefungwa, hakwenda ofisini. Nilidhani yuko jikoni. Tangu uliposema kijana yuko getini amesimama mlangoni, nami nikaweka spika. Amesikia.

KNARIK: Yote?

HAYKANUSH: Yote.

KNARIK: Anasema nini?

HAYKANUSH: Hasemi. Amekaa chini, sakafuni, na nguo zake za kazini. Mushegh? Mushegh, ongea na mkwe wako... Anatikisa kichwa. Anashindwa.

KNARIK: Subiri. Yura ameniona dirishani. Anauliza naongea na nani. [kwa mbali] Na mama yake! Ndiyo! ...Anauliza kama yule mwingine yupo.

HAYKANUSH: Mwambie yupo.

KNARIK: [kwa mbali] Yupo! Amesikia! ...Subiri, Haykanush. Anafikiri.

HAYKANUSH: Nasubiri. Nitasubiri mpaka kesho.

KNARIK: Anasema, Jumamosi tutakuja.

HAYKANUSH: Mungu wangu, asante—

KNARIK: Sijamaliza. Tutakuja, lakini neno lile Mushegh alifute mezani mbele ya walewale waliolisikia. Kaka zake wawepo. Shemeji yangu mwenye masharubu awepo. Bahasha haimhusu mtu, hiyo ni ya nyumba zetu mbili. Makaburi tu. Aseme alikosea.

HAYKANUSH: Atasema! Mushegh, umesikia? Atasema.

KNARIK: Sitaki useme wewe.

HAYKANUSH: Mushegh... [Sauti ya mwanamume, haisikiki vizuri.] Umeisikia?

KNARIK: Sikuisikia.

HAYKANUSH: Amesema, "Nitasimama."

KNARIK: Sawa. Na Yura ameongeza jambo moja.

HAYKANUSH: Lolote.

KNARIK: Asimkumbatie. Watu wetu wakishalia hupenda kukumbatiana, mambo yakaisha hapohapo na picha zikapigwa. Yura anasema asimkumbatie. Labda mwakani.

HAYKANUSH: Labda mwakani. Nimeelewa. Na kiti chake?

KNARIK: Kiti chochote. Usimweke mbele.

HAYKANUSH: Mkwe... nikwambie nini mimi?

KNARIK: Usiniambie kitu. Chinja kondoo, nyamazisha majirani. Mkate wa majani nitakuja nao mimi, wa kwetu, wanawake wako hawaujui, wanaweka chumvi kama wanatibu ng'ombe.

HAYKANUSH: [anacheka na kulia] Lete. Lete hata mia. Areg je? Anarudije?

KNARIK: Harudi leo. Malengelenge yamempasuka, Tatev keshamvua viatu, kapeleka beseni. Atalala hapa, kwenye kochi. Haykanush, nakata.

HAYKANUSH: Subiri kidogo, niongee naye—

KNARIK: Baadaye. Nakata kwa sababu Yura bado amesimama peke yake kwenye nyanya, ameshika ule mpini, haingii ndani. Sidhani kama anaweza kutembea. Niende nikamshike.

HAYKANUSH: Nenda, dada. Nenda! Kimbia. Knarik—

KNARIK: Kwaheri, mkwe.